Hoja ya Mke wa Mtunza Ghala

Penseli ya kijani ya Bwana Barnabas Ormerod haikuwa na desturi ya kusimama. Ilitembea juu ya hesabu za serikali asubuhi hadi jioni, ikitia alama za vema, na ikisimama basi kuna mtu mahali fulani duniani ataumia: karani wa forodha, nahodha, msimamizi wa gereza. Vijana wa ofisi walikuwa na msemo wao, kwamba Ormerod akinyamaza, kuna anayekatwa mshahara.

Ofisi yenyewe ilikuwa katika jengo kubwa la mawe kando ya mto, jijini London, na kazi ilifanywa na watu wawili wawili. Mmoja husoma hati za malipo kwa sauti, mwenzake hufuata hesabu kwa penseli. Ukipita koridoni ungedhani ni chuo cha watoto wanaokariri. Asubuhi ile ya Januari ukungu ulikuwa umebana madirisha, taa za gesi zinawaka mchana kweupe, na msomaji alikuwa Percival Tuke, kijana wa chuo kikuu aliyeingia kwa mtihani. Ormerod yeye aliingia zamani, kwa barua ya mbunge. Hakuna aliyemwambia kitu juu ya barua hiyo, ila hakuna aliyeisahau.

"Misumari, mapipa manne. Pauni mbili na shilingi sita," alisoma Tuke.

"Vema."

"Lami, mapipa kumi. Pauni saba kamili."

"Vema."

"Nauli ya meli, Southampton hadi Bermuda. Bi Trevanion, mke wa mtunza ghala la serikali. Pauni thelathini na nne. Cheti cha ndoa kimeambatishwa. Wameoana Uswisi, na bibi harusi ni Miss Jessamy Pascoe."

Penseli ikasimama.

Ilisimama kidogo tu, lakini Tuke alikuwa ameshazoea mwendo wake. Akainua macho. "Vipi mzee? Umepotea mstari?"

"Endelea."

"Niendelee wapi, hujasema vema." Tuke alikisogeza cheti karibu na taa. "Watu wa Cornwall hawa, Waingereza kabisa, wanakwenda kuoana Uswisi kutafuta nini? Na hili jina Pascoe. Ngoja. Mwaka juzi si tulipitisha malipo ya jeneza la Bi Trevanion wa kwanza? Cheti cha kifo kilisemaje?"

Bwana Ormerod alijua kilisemaje. Kilisema Thomasin Trevanion, binti Pascoe. Asingelisimama, jambo lingepita na misumari na lami, na watu wawili ng'ambo ya bahari wangelala usingizi wao. Tuke alikwenda mwenyewe chumba cha kumbukumbu, akarudi na vumbi mabegani na uso uliojaa furaha.

"Kaoa shemeji yake!" alitangaza.

Chumba kizima kikacheka. Siku zile sheria ya Uingereza ilikuwa wazi: mwanamume hawezi kumwoa dada wa mkewe aliyekufa. Akivuka bahari akaoe kwa watu wengine, akirudi ndoa hiyo ni moshi, mwanamke ni kimada na watoto hawana baba. Kila mwaka Bunge lilijadili kuibadilisha, na kila mwaka maaskofu walikaza shingo.

"Msimwonee," alisema mzee Hext kutoka mezani kwake. "Mwenzenu amefikiri. Kapata mke wa pili bila kuongeza mama mkwe."

Wakacheka tena, na Bwana Ormerod akacheka nao. Alicheka vizuri, kwa kiasi, kama mtu asiyehusika. Kisha akaenda Camberwell jioni kwa mkewe Lettice, ambaye alikuwa mdogo wa tumbo moja wa marehemu mkewe Marian, na ambaye naye alimwoa hukohuko Uswisi.

*

Mkuu wa idara, Bwana Cheveley, alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Alimwita Ormerod siku ya pili yake na kumkaribisha kiti, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Hext anastaafu wakati wa kuchipua majani," alisema. "Nafasi ya Mkaguzi Mkuu itakuwa wazi. Wewe unajua, mimi najua, hata mfagizi anajua. Mshahara ni pauni mia sita na hamsini."

"Nimesikia, bwana."

"Kuna wanaosema apewe Tuke. Kichwa anacho. Lakini mimi nasema tumwone kwanza mkongwe." Akapenga kamasi, akasukuma mbele hati za Bermuda. "Hii habari ya mke wa mtunza ghala. Hazina wanataka kauli moja itakayotumika kila mahali, maana watakuja wengine. Andika hoja wewe."

"Mimi, bwana?"

"Wewe ndiye uliyeiona. Na nisikilize, Ormerod. Mimi sina ugomvi na huyo mtu. Ikiwa ipo njia halali ya kumwachia pauni zake thelathini na nne, ionyeshe, nitatia sahihi. Kama haipo, sema haipo. Nachotaka ni maneno yasiyorudi kwetu na maswali."

Maskini Ormerod, laiti angeamriwa. Mtu aliyeamriwa ana pa kuegemea. Yeye aliachiwa mlango wazi, na hakuna kitu kinachomtisha mwoga kama mlango ulio wazi.

*

Nyumba ya Camberwell ilikuwa ya tatu tangu waoane. Ya kwanza waliihama kwa sababu fundi cherehani wa Marian alihamia mtaa wa pili. Ya pili waliihama kwa sababu ya mama mmoja kanisani aliyemtazama Lettice sana, akasema, "Wewe nimewahi kukuona, ila ulikuwa na jina lingine." Kila walipohama, mapazia yalibaki mafupi au marefu kwa madirisha mapya, na Lettice aliyakata au kuyaongeza.

Jioni hiyo kulikuwa na nyama ya kondoo iliyopoa na viazi. Binti yao Cecily, wa miaka tisa, alikuwa amekwisha kwenda kulala.

"Mia sita na hamsini!" Lettice aliweka uma chini. "Barnabas, tutawasha moto chumba cha juu. Kile kifua cha mtoto hakitaki baridi. Na shule ya Miss Dalrymple, ile ya..."

"Bado sijapewa."

"Utapewa. Wampe nani, yule mtoto wa mtihani?" Alicheka, akamtazama, akaacha kucheka. "Kuna nini? Una uso wa maiti."

Akamweleza. Alieleza kwa utaratibu, hati baada ya hati, kama alivyozoea, na Lettice alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Huyo mwanamke ana watoto?"

"Wawili wa marehemu dada yake. Na yeye mwenyewe ana mimba, daktari wa meli ameandika."

"Kwa hiyo alikwenda kulea watoto wa dada yake."

"Ndiyo."

"Kama mimi nilivyokuja kwako."

"Wewe ulikuja Cecily hajazaliwa, na Marian hakuacha..."

"Nilikuja kukuuguzia mke, Barnabas, usinihesabie." Alivuta pumzi. "Kanuni zenu zinasemaje? Serikali hailipi nauli ya mtu mwingine yeyote ila mke?"

"Inalipa mlezi wa watoto, mama yao akiwa amekufa."

"Basi si huyo! Mlezi! Andika mlezi. Pauni ni zilezile?"

"Pungufu kidogo. Walezi hupanda daraja la pili."

"Arudishe hizo pungufu, yaishe. Mkubwa wako amekwambia atatia sahihi. Amekwambia kwa mdomo wake."

Bwana Ormerod alisukuma sahani. "Hakuomba kama mlezi. Ameomba kama mke. Nikimgeuzia ombi, watasema namtetea. Na nikimtetea, mtu atajiuliza, mbona Ormerod ambaye hajawahi kumwachia mtu hata shilingi, leo ana huruma? Tuke ana pua, Lettice. Wakiniuliza nitajibu nini?"

"Wewe hujawahi kuulizwa," alisema Lettice polepole. "Mimi ndiye ninayeulizwa. Mke wa kasisi: Bi Ormerod, mlifunga ndoa kanisa gani? Mama wa jirani: Bi Ormerod, kwenu ni wapi, dada zako wako wapi? Juzi muuza maziwa kaniuliza mtoto kamfuata nani sura, nikajikuta natetemeka kwa swali la muuza maziwa. Miaka yote hii najibu mimi. Nimedanganya mpaka uongo wangu una ndugu na jamaa. Sikulalamika, kwa sababu nilijua ndani ya mlango huu kuna mtu mmoja anayejua mimi ni mke wake."

"Unajua najua."

"Basi safari hii moja jibu wewe. Si kwa ajili yangu. Hata jina langu halimo. Mwachie tu huyo mwenzangu nauli yake."

Mumewe alimshika mkono juu ya meza. Alimpenda, hilo lisemwe wazi, asije mtu akadhani hakumpenda. "Nitaandika mlezi," alisema.

Asubuhi Lettice alimpigia pasi kola mwenyewe badala ya kumwachia mtumishi, na alimsindikiza hadi getini, kitu ambacho majirani hawakuwa wamekizoea.

*

Aliandika mlezi. Aliandika ukurasa mzima na nusu, kwa mwandiko wake wa duara, akitaja kanuni na mifano miwili ya zamani, na ilikuwa hoja nzuri isiyo na pa kuishika. Alikuwa anaikausha wino Tuke alipoinama begani kwake.

"Mlezi?" Tuke alipiga mluzi mdogo. "Aisee! Ormerod anagawa pesa za malkia. Hext, njoo uone maajabu."

"Niache nifanye kazi, kijana."

"Sikatai, mzee, sikatai. Ila ukipeleka hiyo, watu watasema una shemeji nyumbani!"

Alisema akicheka, akaenda zake kutafuta chai. Ulikuwa mzaha wa kawaida, na kabla hajafika mlangoni alishausahau. Hext hata hakuinua kichwa.

Lakini Bwana Ormerod alikaa akiitazama karatasi. Aliona koridoni watu wakinyamaza anapopita. Aliona Cheveley akimwita na safari hii hakuna kiti. Aliona Cecily akitolewa shuleni kwa Miss Dalrymple kabla hata hajaingia. Yote hayo aliyaona kwa mzaha wa kijana mmoja. Mwenye hofu hahitaji kufukuzwa, hukimbia mwenyewe.

Akaichana. Akachukua karatasi mpya na kuandika:

"Mwanamke aliyelipiwa nauli si mke wa mtunza ghala. Hakuwa mke siku ya safari, si mke leo, wala hakuna siku atakayoweza kuwa, maana hakuna bahari pana kiasi cha kuigeuza haramu kuwa ndoa. Serikali haiwezi kumtambua kwa jina hilo, wala kwa jina lingine lolote litakalobuniwa ili kumsitiri. Pauni thelathini na nne zikatwe katika mshahara wa mhusika."

Akaisoma mara moja. Na hapa ndipo mtu anapomchoka Bwana Ormerod, kwa sababu pamoja na aibu iliyomkaba, aliona kwamba sentensi ile ya bahari ilikuwa nzuri. Hakuwahi kuandika sentensi nzuri kama ile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa umeshika mpini.

Nyumbani Lettice alimpokea koti. "Umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Kama tulivyosema?"

"Jambo limekwisha, Lettice. Tusilitaje tena."

Alidhani ni uchovu. Alimbusu shavuni na kumwambia kuna supu.

*

Majani yalipochipua alipewa cheo. Moto ukawashwa chumba cha juu, Cecily akashonewa sare ya shule, na muuza nyama ambaye zamani alileta nyama ya shingo bila kuuliza sasa aliuliza Bi Ormerod angependa sehemu gani. Lettice alianza kutembea kichwa juu. Kisha ikaja kadi kutoka kwa Bi Cheveley: Bwana na Bi Ormerod wanaalikwa kunywa chai Jumapili. Lettice aliiweka kadi juu ya meko, akaligeuza gauni lake la hariri nyuma mbele ili palipochakaa pasionekane.

Nyumba ya Cheveley ilikuwa Kensington, na ilikuwa na joto. Bi Cheveley alikuwa mama mnene mcheshi, asiye na ubaya wowote moyoni, na aina hiyo ndiyo huua zaidi.

"Kaa hapa karibu yangu, mpenzi," alimwambia Lettice. "Nimekuwa na hamu ya kumwona mwanamke anayeishi na mwandishi."

"Mwandishi?"

"Hujui? Wanaume hawa! Mume wangu alitusomea hapa mezani. Ile hoja ya Bermuda. 'Hakuna bahari pana kiasi cha kuigeuza haramu kuwa ndoa.' Mimi nilimwambia, Henry, hiyo ingetoka mimbarini watu wangelia. Kasisi wetu ameniomba ainakili."

Bwana Ormerod, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha na kikombe mkononi, hakugeuka.

"Bermuda," alisema Lettice.

"Yule mwanamke aliyejifanya mke wa mtunza ghala. Hazina wameituma hoja kila pembe. Huko kisiwani wakasema haiwezekani akae nyumba ya serikali na jina la bandia, wakamrudisha kwa meli. Na tumbo lake hilo. Inasemekana mtoto hakufika." Bi Cheveley alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Namhurumia, sitaki kusema uongo. Lakini tukianza kuwahurumia wale, sisi tulioolewa tutakuwa nani? Sukari ngapi, mpenzi?"

"Moja, tafadhali."

"Wewe ungemhurumia?"

Lettice alipokea kikombe. Wote waliokuwepo baadaye walikubaliana kwamba mke wa Ormerod alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye adabu, mwenye tabasamu la kupendeza. "Mume wangu anajua sheria kuliko mimi," alisema. "Akisema mtu si mke, basi si mke."

"Safi kabisa," alisema Bwana Cheveley, na akapenga kamasi.

Walirudi kwa miguu mpaka kituo cha gari la farasi. Mvua ilikuwa nyembamba. Bwana Ormerod alisema alitaka kumwambia. Akasema Tuke alikuwa amesimama palepale begani. Akasema alifanya kwa ajili ya Cecily. Akasema mtoto wa Bermuda angeweza kufa hata angezaliwa kisiwani, nani ajuaye. Lettice alitembea kando yake akiwa amemshika mkono, kama mke yeyote wa Jumapili, na waliposhuka Camberwell wakakutana na mke wa kasisi, alimwamkia kwa furaha na kumwambia chai ilikuwa nzuri mno.

Walipofika alivua kofia, akapanda juu, akakusanya shuka zake na mto wake na kuvipeleka chumba cha mtoto. Hakupiga kelele. Mumewe alisimama ngazini na kumwita jina lake, na mlango ukafungwa taratibu.

*

Asubuhi meza ilikuwa imeandaliwa kama siku zote. Mkate, siagi, yai la Bwana Ormerod likiwa limechemshwa kama anavyolipenda. Cecily alikuwa ndani ya sare yake mpya, akipiga miguu chini ya kiti. Lettice alimimina chai, akaongeza maziwa, akakizungusha kikombe ili mshikio wake uelekee kulia.

"Chai yako, shemeji," alisema.

Cecily aliangua kicheko. "Mama! Umemwita nani?"

Bwana Ormerod alikuwa amepauka. "Lettice. Si mbele ya mtoto."

"Nje ya mlango nitakuwa Bi Ormerod," alisema Lettice, akimpakia mtoto siagi. "Nitakwenda nawe kwa Cheveley, nitakwenda nawe kanisani, na atakayeniuliza nitamjibu kama nilivyomjibu siku zote. Hutapata aibu kwa ajili yangu. Lakini humu ndani alikuwepo shahidi mmoja tu, naye ameshaandika. Kunywa, shemeji, itapoa."

Hakuna hasira iliyosikika katika sauti yake. Ilikuwa sauti ileile aliyoingia nayo nyumbani kwake zamani, msichana wa miaka ishirini na mbili na kisanduku kimoja, amekuja kumwuguza dada yake. Bwana Ormerod alitaka kusema kitu, na alijua vizuri ni kitu gani, lakini kila neno alilolifikia alikuwa amekwisha kulifuta kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya Hazina.

Cecily aliwatazama mmoja mmoja. Alidhani ni mchezo mpya wa watu wazima, na hakupenda kuachwa nje. Alimeza mkate wake, akafuta mdomo kama alivyofundishwa kwa Miss Dalrymple, akamgeukia baba yake na macho yanayocheka.

"Haya, na mimi je? Mimi nikuite nani?"

Lettice aliweka kisu chini, naye akangoja jibu.